Viti viwili vya ndege iliyopiga Bukavu

Ukitaka kumpima fundi wa ndege za mfano, usihangaike na mabawa wala matairi. Chungulia chumba cha rubani. Hapo ndipo wengi wanapolipua kazi: wanapaka rangi nyeusi, wanafunika kioo, basi. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Giheke, wilayani Rusizi, na kwa miezi kadhaa sasa jioni zangu nyingi zimeishia ndani ya chumba cha rubani kisichozidi urefu wa kidole.

Ndege yenyewe ni T-28. Wasomaji wenye umri, waliokuwa Bukavu au Cyangugu miaka ya sitini, wanaijua hata kama jina hawakuwahi kulisikia. Ilikuwa ya panga mbele, injini moja yenye silinda tisa, kioo kirefu mgongoni. Wamarekani waliibuni kwa ajili ya kufundishia marubani, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1949. Baadaye nyingine zilifungwa injini yenye nguvu zaidi, ya farasi 1,425, zikatundikwa bunduki, roketi na mabomu chini ya mabawa. Ndege ya shule ikageuzwa ya vita.

Kongo ilizipata wakati wa uasi wa Simba. Agosti 1964 Simba walipoingia Bukavu na askari wa Kanali Mulamba wakawarudisha nyuma, T-28 zilikuwa angani. Katika vita hivyo marubani wengi walikuwa Wakyuba waliomkimbia Fidel Castro, wakaandikishwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Kikosi chao kiliitwa Makasi, neno la Kilingala lenye maana ya nguvu. Mwaka uliofuata Che Guevara, naye akitokea Kyuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuwasaidia waasi. Wakyuba chini, Wakyuba juu, na ardhi ni ya Wabembe. Mimi nilisomea Kigoma, mtoto wa wakimbizi, na hakuna mwalimu aliyetuambia hayo. Ndege tulizozijua ni zile tulizojenga kwa mabua.

Halafu ikaja 1967. Mamluki Wazungu wa Jean Schramme, ambao miaka michache kabla walipigana upande wa serikali, waliasi, wakauteka mji wa Bukavu mwezi Agosti. Zamu hii T-28 za serikali ziliwapiga wao. Mapema Novemba walishindwa, wakavuka Rusizi kuingia Cyangugu, wakanyang'anywa silaha na kuwekwa kambini hadi Aprili 1968 waliposafirishwa kurudi Ulaya. Ndege iliyokuwa ikiwalinda ndiyo iliyowafukuza. Kwa sababu hiyo nilipoletewa boksi la plastiki na shemeji yangu anayeishi Ubelgiji, nilijua ni ndege ya mwaka gani nitakayoijenga.

Kipimo ni moja kwa arobaini na nane. Ndege yenye urefu wa mita kumi inakuwa sentimita 21. Mtu wa mita moja na robo tatu anakuwa na urefu usiofika sentimita nne. Saa ya kuonyesha mwendo, ambayo rubani aliiona upana wa sentimita nane, kwangu ni milimita moja na sehemu saba. Darasa langu la kwanza la sekondari lilifanya hesabu hizo kwa furaha ambayo kitabu cha uwiano hakijawahi kuwapa.

Tatizo ni kwamba karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi inakuonyesha ndege ya mafunzo ya Marekani. Kitabu cha rubani kilichotolewa na jeshi lao nacho kinasaidia sana, kwani michoro yake inataja kila saa na kila swichi, lakini lazima uangalie ni kitabu cha aina ipi. Cha ndege ya mafunzo hakitakupa chumba cha rubani cha ndege ya vita. Ukikifuata utajenga ndege isiyoweza kupiga mtu.

Njia ya tatu ndiyo tamu na ndiyo hatari. T-28 nyingi bado zinaruka Marekani, mikononi mwa watu binafsi, na picha za ndani zinapatikana kwenye intaneti zikiwa safi mno. Ziko wazi hata ukaona vichwa vya skrubu. Tazama vizuri, hata hivyo: redio ni mpya, kuna kioo cha ramani ya satelaiti, viti vimeshonwa ngozi. Nimeona mifano iliyosifiwa sana yenye alama ya Kongo ubavuni na redio ya miaka ya tisini ndani. Hiyo ni sawa na kumvika Lumumba simu ya mkononi.

Sheria yangu sasa ni hii: umbo la kitu nalichukua kwenye picha mpya, mahali pake nalitafuta kitabuni, na kama hakimo katika picha yoyote ya miaka ya sitini, hakiingii.

Likabaki swali la viti. T-28 ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja kina fimbo yake, pedali zake na dashibodi yake, maana mwalimu alikaa nyuma ya mwanafunzi. Wanafunzi wangu waliliona mara moja. Wa nyuma, waliuliza, alikwenda vitani kufanya nini?

Nilikwenda Kamembe kumwona mzee mmoja, muuza sambaza wa siku nyingi, mzaliwa wa Bukavu. Shikamoo yangu ya Kigoma ilimchekesha kama kawaida. Mwaka 1967 alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na familia yake ilivuka kwa mtumbwi mabomu yalipozidi. Nilimwonyesha kiunzi, bado hakijapakwa rangi. Alikichukua, akakigeuza, akakiinua juu ya kichwa chake na kukitazama kutoka chini. Hakuna aliyewahi kukitazama hivyo, hata mimi.

Akasema kichwa kilikuwa kimoja. Cha mbele. Nyuma kulikuwa na kioo kitupu, na alikumbuka kwa sababu mdogo wake aliuliza kama mwenzake ameanguka. Akaongeza kwamba rubani aliwatazama.

Mwalimu wa hisabati ni mtu mbaya kumsimulia jambo kama hilo. Ndege inayokwenda kilomita 360 kwa saa inapita mita mia moja kila sekunde. Aliye mtumbwini ana sekunde mbili, labda tatu, kabla mkia haujampa kisogo. Kichwa ndani ya kioo utakiona. Kwamba kimegeuka, pengine. Kwamba kimekutazama wewe, hilo hesabu haliwezi kulithibitisha, na sikuona sababu ya kumwambia mzee aliyekuwa chini ya mabomu kwamba hakuangaliwa. Kiti cha nyuma kitupu nimekiandika kama ushahidi, maana kinaendana na ndege: rubani mmoja wa mbele aliweza kuiendesha peke yake.

Boksi lilikuja na marubani wawili wa plastiki, wenye kofia za Kimarekani na nyuso zilizonyooka. Nimewaacha ndani ya mfuko wao. Ukimweka mtu lazima umpe rangi ya ngozi, na katika darasa langu kuna watoto ambao babu zao walikuwa pande zote za Rusizi miaka ile. Ndege itakaa chini, kioo kimesukumwa nyuma, viti vyote viwili wazi ili kila mtu achungulie.

Mikanda ya viti naikata kwenye bomba la dawa ya meno lililokwisha, lile la bati laini, upana wa milimita moja. Ya mbele imelegezwa, imetupwa pembeni kama mtu aliyeshuka kwa haraka. Ya nyuma nimeifunga kwa kubana juu ya kiti kitupu, jinsi inavyofungwa ili isichezecheze na kunasa fimbo wakati rubani yuko peke yake. Kipande kimoja bado hakijakauka gundi.