Bawaba ya Taya

Kwenye banda la supu ninakopata kifungua kinywa, mpishi akimaliza kuchambua kichwa cha mbuzi hunitengea taya la chini. Anajua mimi ni daktari wa meno, hashangai tena. Nikifika nyumbani nalichemsha upya, nalikwangua, nalianika juani. Likichemka sana huachana vipande viwili pale kidevuni, kwani nusu zake mbili hushikwa na nyuzinyuzi tu. La binadamu huungana na kuwa mfupa mmoja katika mwaka wa kwanza wa maisha. Mgonjwa akiniuliza kwa nini taya lake linaalika au linakaza, namshikisha taya la mbuzi kwanza, ndipo naendelea na maelezo.

Wanunuzi mnadani hupanua mdomo wa mbuzi na kuhesabu meno ya mbele ya chini, maana hayo hutaja umri: ya maziwa huanguka, makubwa huota mawili mawili. Meno yana mengi ya kusema. Lakini kinachoamua meno yatafanya kazi gani ni bawaba, yaani kiungo kinachounganisha taya la chini na fuvu, mbele kidogo ya sikio.

Lishike taya la mbuzi ubavu. Utaona magego yamepangika chini, na kichwa cha taya kiko juu kabisa, mbali na mstari wa magego. Kwa sababu ya kimo hicho, magego yote ya upande mmoja hukutana kwa wakati mmoja, kama jiwe la juu linavyotua juu ya jiwe la chini la kusagia. Uso wa kiungo umekaribia kuwa bapa, kwa hiyo taya huteleza kwenda kando. Tena taya la chini ni jembamba kuliko la juu, hivyo mbuzi husaga upande mmoja kwa mara moja. Mtazame anapocheua: taya linashuka, linakwenda kando, linarudi likisaga. Msuli mkubwa wa kazi hiyo ni ule wa shavuni. Mbele ya taya la juu hana meno kabisa; ana ufizi mgumu ambao meno ya chini huyabania majani kabla ya kuyakata.

Sasa mtazame paka akipewa kipande cha nyama chenye mfupa. Hulaza kichwa upande, akakitia chakula pembeni mwa mdomo, akakata. Paka, kama simba na chui, bawaba yake imekaa usawa wa meno. Ndivyo mkasi ulivyo: makali huanza kukutana karibu na msumari, kisha mkato unasogea mbele. Kichwa cha taya la paka ni kama kigogo kilicholala ndani ya mfereji mrefu wa mfupa, kwa hiyo taya lake hupanda na kushuka, wala haliwezi kusaga kwenda kando. Msuli wake mkubwa ni ule wa panjani, unaolivuta taya kwa nguvu ili chonge zisiachie windo linalopapatika. Mbuzi hawezi kuishika nyama kwa namna hiyo, na paka hawezi kusaga nyasi, hata ungewabadilishia meno.

Binadamu je? Weka ncha za vidole viwili mbele ya matundu ya masikio, kisha fungua kinywa polepole. Mwanzoni utasikia kichwa cha taya kikizunguka palepale. Ukizidi kupanua, kitatoka mahali pake na kuteleza mbele. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri pamoja nacho. Kisahani hicho kikiteleza vibaya, taya hualika. Bawaba yetu iko juu ya mstari wa meno, kama ya mbuzi, lakini inazunguka, inasogea mbele na inakwenda kando. Uhuru huo ndio unaotuwezesha kutafuna mahindi ya kuchoma na mchicha kwa meno yaleyale.

Uhuru huo una gharama. Mbele ya kiungo kuna kinundu cha mfupa. Mtu akipiga mwayo mkubwa, kichwa cha taya kinaweza kukivuka kinundu hicho, misuli ikakaza, kikashindwa kurudi. Mama mmoja alifika kwangu amejiziba uso kwa kanga, mate yanamtiririka, hawezi kutamka jina lake. Nilizungushia bandeji vidole gumba vyangu, nikavikandamiza juu ya magego yake ya chini, nikalishusha taya kwanza, kisha nikalisukuma nyuma. Lilirudi kwa mshtuko mdogo, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwita mwanawe kwa jina. Ikikutokea, usikubali kupigwa wala kuvutwa na mtu asiyejua. Nenda hospitali mapema, kabla misuli haijakaza zaidi.

Taya letu halikuwa dogo hivi tangu zamani. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, Mkenya Kamoya Kimeu aliona taya la chini la kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Meno yake ya mbele ni madogo mno, magego ni mapana ajabu, na mfupa ni mnene. Ni wa jamii moja na fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959 Olduvai, ambalo halikuwa na taya la chini. Yule alisaga mimea migumu maisha yake yote. Wataalamu wengi wanaona kwamba jamii yetu, iliyokata chakula kwa jiwe na baadaye kukipika, ilibaki na taya dogo. Ndiyo maana kwa wengi wetu gego la mwisho, linaloota ukubwani, hukosa nafasi.

Mfupa unaoshika meno upo kwa ajili ya meno hayo. Jino likitoka, mfupa wa pale huanza kusinyaa, zaidi katika mwaka wa kwanza. Meno yakiisha yote, taya hupungua kimo hadi kidevu kinakaribia pua, kama tunavyowaona wazee wetu, na hata meno ya bandia hukosa mahali pa kukaa vizuri. Kila wiki wanakuja watu wenye jino lililotoboka kidogo, wanaketi kitini na kuniambia, “Daktari, ling'oe tu.” Mengi ya meno hayo yanazibika. Kabla hujalitoa lako, muulize daktari swali hili kwanza: je, linazibika?