Mkojo Unatoka Lini?

Kibofu cha mwanamke mzima kinaweza kubeba takriban nusu lita ya mkojo. Chini yake kuna misuli iliyotandazwa kwenye nyonga mithili ya machela, nayo ndiyo inayobeba kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana, na kusaidia kuubana mrija wa mkojo. Mkojo ukitoka bila mwenyewe kutaka, mara nyingi huwa misuli hiyo imelegea, au kibofu kinajikamua kabla ya wakati wake, au pametoboka. Kwa watu wengi yote haya yana jina moja, mkojo hauzuiliki, na sababu moja: amezaa sana au amezeeka. Kosa linaanzia hapo, maana tiba zake hazifanani. Kinachozitenganisha ni swali ambalo mgonjwa anaweza kujijibu mwenyewe kabla hajafika zahanati: mkojo unatoka lini?

Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Mwanamke wa Usevya, mkoani Katavi, anapoinama kuiinua na kujitwisha, tumbo hukaza na kukisukuma kibofu chini. Misuli ya nyonga ikiwa imara, hakuna kinachotokea. Ikiwa imelegea, humtoka tone, pengine kijiko kizima, kisha mkojo unakatika. Ni hivyohivyo akikohoa, akicheka, akipiga chafya au akitwanga. Uzazi wa njia ya kawaida ndio unaoilegeza zaidi misuli hii; unene, kikohozi cha muda mrefu na kukoma hedhi huongezea.

Mwingine hubeba ndoo zake bila shida. Yeye hubanwa ghafla, kwa nguvu, akaanza kukimbilia choo, na kwa kuwa choo kiko nyuma ya nyumba, mkojo humtangulia. Usiku huamka mara tatu au nne. Hapo kibofu ndicho kinachojikamua bila ruhusa. Huyu inafaa apimwe mkojo na sukari kwanza, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari huleta dalili zilezile. Kichocho nacho, ugonjwa wa watu wanaoshinda ndani ya maji, husababisha haja za mara kwa mara na mara nyingi damu kwenye mkojo. Yapo mambo madogo pia: choo kigumu kinachokigandamiza kibofu, na chai au kahawa kali ya usiku. Wapo wanaoacha kunywa maji wakidhani watapona. Mkojo huwa mzito, kibofu kinawashwa, na haja zinazidi.

Kwa wanawake wa aina hizi mbili tiba ya kwanza haina gharama yoyote. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya mazoezi ya misuli ya nyonga ambayo mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Msuli unaotakiwa ni ule unaobanwa mtu anapozuia upepo usimtoke mbele za watu. Anaubana na kuupandisha juu, anahesabu pole pole mpaka tano, baadaye hata kumi, kisha anauachia kabisa. Tumbo na mapaja hayakazwi, wala pumzi haizuiwi. Mara nane kwa mkupuo, mikupuo mitatu kwa siku, akiwa amekaa jikoni au amelala, hakuna atakayejua. Matokeo yanahitaji miezi mitatu, na wengi hukata tamaa katika mwezi wa kwanza. Akishauzoea, abane kwanza ndipo ainue ndoo. Mwenye kubanwa ghafla naye hukifunza kibofu chake: haja ikija asikimbie, asimame, abane, asubiri dakika chache, na wiki baada ya wiki aurefushe muda huo. Mazoezi yasipotosha kuna dawa za kutuliza kibofu, pete ya kuvaa ukeni kwa ambaye kizazi kimeshuka, na upasuaji.

Jibu la tatu ni zito zaidi: unatoka saa zote. Hakuna kubanwa wala kukohoa. Usiku na mchana kitambaa kimelowa. Hii kwa kawaida ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mara nyingi hutokana na uchungu uliokwama. Kichwa cha mtoto hukaa nyongani siku nzima au mbili kikiibana nyama ya kibofu kwenye mfupa, damu isipite. Nyama hiyo hufa, na baada ya siku chache hudondoka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa. Tundu linaweza pia kutokana na mkono wa daktari, kibofu kikijeruhiwa wakati wa upasuaji wa kujifungua au wa kuondoa kizazi.

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, Katavi iliongoza mikoa yote Tanzania kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Nyonga changa ni rahisi kukwamisha mtoto. Hata hivyo umri peke yake hautoboi kibofu. Kinachotoboa ni saa zinazopotea. Barabara ya kutoka Usevya kwenda hospitalini Mpanda inapita katikati ya Hifadhi ya Katavi, na usiku wa masika si safari ya kumpakia mzazi kwenye bodaboda.

Kipimo cha fistula hakihitaji mashine kubwa. Vitambaa vitatu vya pamba huwekwa ukeni kwa kufuatana, kisha kibofu hujazwa maji yaliyotiwa rangi ya buluu kwa kupitia mpira wa mkojo. Mgonjwa hutembeatembea, halafu vitambaa hutolewa kimoja kimoja. Cha juu au cha kati kikiwa na buluu, kibofu kimetoboka. Cha juu kikilowa bila rangi, huenda tundu liko kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Cha nje pekee kikipata rangi, mkojo umepita njia yake ya kawaida.

Tundu dogo, likigunduliwa mapema baada ya uzazi, linaweza kuziba lenyewe kwa kuachiwa mpira wa mkojo wiki kadhaa. Lililokomaa hushonwa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, imefanya upasuaji huu kwa miaka mingi. CCBRT ya Dar es Salaam huufanya bure, na tangu 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa mbali kwa M-Pesa, baada ya kubaini kwamba kilichowaweka nyumbani ni tiketi ya basi. Kwa mwanamke wa Usevya, Mwanza au Dar ni safari ya siku nzima au zaidi, naye amelowa muda wote. Inasaidia kukalia kitambaa kinene na kujipaka mafuta mapajani ili mkojo usimchubue.

Baada ya kushonwa hubaki na mpira wiki moja au mbili, na huagizwa kutokutana na mume kwa miezi mitatu hivi. Wengi hupona. Kwa baadhi, tundu huziba lakini mkojo ukaendelea kuchuruzika wakikohoa, kwa kuwa misuli nayo iliumia. Hao hurudi kwenye mazoezi ya Kegel. Mtoto wa mimba inayofuata huzaliwa kwa upasuaji, na kwa anayeishi Usevya hiyo ina maana ya kuhamia karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji wiki kadhaa kabla uchungu haujaanza.