Sharubati Katika Pipa la Bia

Juzi nilipigiwa simu na mpwa wangu aliyeko Marekani. Baada ya salamu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, nimemuudhi shangazi."

Kisa chenyewe ni hiki. Kila Ramadhani, jamaa wa pwani walioko mji ule hufuturu kwake. Safari hii alitaka kuwanywesha sharubati ya ukwaju yenye gesi, baridi, ikitoka kwenye bilula. Jirani yake, mtu wa kujipikia bia nyumbani, akamuuzia pipa la chuma, mtungi wa gesi na mipira yake. Shangazi mtu alipouliza vimetoka wapi, akaambiwa. Akasema: "Mimi katika pipa la ulevi sinywi, na futarini siji."

"Mjomba, kweli nimekosa?"

Nilimwambia anipe siku mbili, nami nikaiandama nasaba ya pipa lile. Msomaji, nilichokikuta ni ajabu.

Pipa lile halikuzaliwa kwa ajili ya bia. Ni pipa jembamba la chuma kisichoshika kutu, lachukua galoni 5 za Kimarekani, yaani karibu lita 19, na walioanza kulitumia ni makampuni ya soda. Baadaye makampuni hayo yakahamia kwenye shira iliyotiwa katika mifuko ndani ya maboksi, na mapipa yakauzwa kwa bei ya kutupa. Wanunuzi walikuwapo tayari, kwani sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliwaruhusu Wamarekani kujipikia bia majumbani mwao.

Na soda nayo ilijifunza wapi? Mwaka 1767, mjini Leeds, Uingereza, Joseph Priestley alikuwa jirani wa kiwanda cha bia. Akagundua kuwa gesi inayotanda juu ya bia inayochacha huingia katika maji na kuyapa ladha ya kuchoma ulimi. Basi soda ilijifunza kwa bia, bia ikarithi mapipa ya soda, na leo ukwaju wataka kuyarudisha.

Mtambo wenyewe si mgumu. Gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka mtunginí kwa nguvu nyingi, ikapita katika kifaa cha kuipunguza, kisha huingia juu ya pipa na kukisukuma kinywaji. Nacho hupanda kwa bomba lifikalo chini kabisa, kikatokea bilulani. Bia hutaka nguvu ya ratili 10 hadi 12 kwa kila inchi ya mraba. Soda hutaka 25 hadi 30, na mpira mrefu zaidi, la sivyo hutoka povu tupu. Pipa hukaa frijini, maana gesi hupenda kinywaji baridi na hukimbia penye joto. Na mtungi usiachwe kuvuja katika chumba kilichofungwa: gesi ile haina harufu, nayo huua.

Sasa turudi kwa shangazi. Tuliosoma chuoni twaikumbuka khabari ya ujumbe wa Abdul Qays, waliokatazwa na Mtume (S.A.W.) vyombo vinne: kibuyu, mtungi uliopakwa rangi ya kijani, gogo la mtende lililochongwa, na chombo kilichopakwa lami. Maulamaa wakaeleza kuwa tende au zabibu zilizoloweshwa humo huchacha upesi, na mwenyewe asitambue. Baadaye, katika riwaya ya Burayda, vyombo vikaruhusiwa. Chombo hakihalalishi wala hakiharimishi kitu. Kilichoharimishwa ni kila kileweshacho.

Nikampigia kijana. "Mwanangu, kwa pipa hukukosa. Lakini shangazi yako naye hakukosa kuogopa, kwani chuma hakionyeshi kilichomo. Ukwaju una sukari. Ukiuacha penye joto siku kadhaa, utachacha wenyewe, kama tembo la mnazi: asubuhi tamu, jioni kali, na kibuyu ni kile kile."

Nikamwusia hivi. Mipira yote, ya kupitishia na ya kuzibia, aitupe na kununua mipya, maana mpira hushika harufu ya bia hata ukioshwa. Chuma akioshe hata isibaki ladha wala harufu. Ukwaju auchuje kwa kitambaa, makapi yasizibe bomba. Atie wa siku ile ile, auweke baridi, na ladha ikigeuka, amwage. Likimbakia la kutatiza, amuulize sheikh wa huko.

"Kisha mwite shangazi ashuhudie tangu mwanzo," nikamwambia. "Usimjadili. Mpe kitambaa achuje yeye."

Ijumaa akanipigia tena. Shangazi alikuja alasiri, akasimamia kuosha, akauchuja ukwaju kwa mkono wake. Adhana ilipolia akala tende, akapokea bilauri ya kwanza, akanywa.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Alisema sukari imezidi, mjomba."