Fahamu: Kinesiofobia, hofu ya mazoezi kwa wenye unene uliokithiri

Ni nini?
Ni hofu ya kuusogeza mwili kwa kuamini utaumia. Watafiti wa maumivu sugu walilitumia neno hili mwaka 1990. Kwa mwenye unene uliokithiri huongezeka magoti yanayouma, pumzi kukatika na, pengine zito kuliko yote, macho ya watu.

Kwa nini izungumzwe?
Anayeogopa hukaa. Akikaa misuli hulegea, maumivu huzidi, na hofu hupata ushahidi. Kumwita mvivu ni kukosea ugonjwa.

Birmingham
Mfano wa kupunguza hofu hii uko Birmingham, Uingereza. Katika bustani ya Cannon Hill, kila Jumamosi saa 3 asubuhi, kuna parkrun, tukio la kukimbia au kutembea pamoja: kilomita 5, bila malipo. Kutembea ruksa. Mtu wa kujitolea hufunga msafara, hivyo hakuna mshiriki anayekuwa wa mwisho. Jambo dogo, lakini huondoa aibu kubwa.

Pa kuanzia
Mwongozo wa Uingereza ni dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tangu 2019 haudai tena kila kipindi kifike dakika 10. Hata kupanda ngazi kidogo kunahesabika. Ukihisi maumivu ya kifua, muone daktari kwanza.