Mchezaji wa kikapu wa kulipwa: jinsi anavyovuka mipaka hadi Kigali, na karatasi anazobeba

KIGALI. Mei 27, 2023, katika ukumbi wa BK Arena mjini Kigali, klabu ya Al Ahly ya Misri iliifunga AS Douanes ya Senegal kwa pointi 80 kwa 65 na kutwaa ubingwa wa Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, maarufu kwa kifupi BAL. Mchezaji bora wa msimu alitangazwa kuwa Nuni Omot.

Omot si Mmisri. Alizaliwa Nairobi mwaka 1994 katika familia ya wakimbizi, akakulia Minnesota nchini Marekani, na anaichezea timu ya taifa ya Sudan Kusini. Mwaka 2025 alirejea Kigali, safari hii akiwa na jezi ya APR, klabu ya hapo hapo mjini.

Kwa mwenye lori au duka, hizo zinaweza kuonekana ni habari za ukurasa wa michezo tu. Lakini ukizitazama kwa karibu ni habari za biashara ya kuvuka mpaka. Kuna anayeuza huduma, kuna mnunuzi wa nchi ya pili, kuna dalali katikati, kuna hati za kuvukia, kuna kodi, na kuna hatari ya kutolipwa. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyokwenda.

Ni mchezaji wa aina gani?

Ulimwenguni wachezaji wa kikapu wenye majina makubwa ni wachache. Walio wengi ni mafundi wa kawaida wa mchezo huo: msimu huu yuko Ulaya, msimu ujao Asia, baada ya hapo Afrika. Mkataba ni wa miezi kadhaa, pengine wa wiki kadhaa. Ukiisha, anafunga begi na kutafuta mwingine.

Njia ya Omot inaonyesha hali hiyo vizuri. Alianza katika chuo cha daraja la pili, Concordia ya St. Paul, akahamia chuo cha Indian Hills huko Iowa, ndipo akapata nafasi Chuo Kikuu cha Baylor, Texas. Alipomaliza mwaka 2018, hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Akaenda kutafuta riziki Ulaya, kisha akarudi Marekani kucheza Westchester Knicks katika ligi ndogo iliyo chini ya NBA. Hadi anafika Kigali na Al Ahly alikuwa na miaka 28, na jina lake lilikuwa halijulikani na wengi. Miezi michache baada ya ubingwa huo alikuwa Manila kwenye Kombe la Dunia, ambako Sudan Kusini ilipata tiketi ya Olimpiki, na mwaka 2024 alikuwa Paris.

Mfano wa pili unatoka Dar es Salaam. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009, akachukuliwa na Memphis Grizzlies, na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Yeye alianza juu kabisa. Hata hivyo msimu wake wa kwanza ulikuwa haujaisha alipopelekwa ligi ndogo. Baadaye akauzwa Houston, akapelekwa Portland, akasaini Oklahoma City. Baada ya mwaka 2014 milango ya NBA ilifungwa, naye akacheza ligi ndogo, kisha Yokohama nchini Japani, kisha Taiwan.

Mmoja alianzia chini, mwingine juu, lakini wote wawili waliishia katika soko lile lile. Katika soko hilo sifa ya jana haitoshi. Mnunuzi anauliza: leo unaweza nini, na unaweza kufika lini?

Kigali imekuwaje soko

Ukumbi ambao leo unaitwa BK Arena ulijengwa na kampuni ya Summa ya Uturuki kwa muda wa miezi sita hivi, ukafunguliwa Agosti 2019 ukiitwa Kigali Arena. Unachukua watu wapatao 10,000. Jina la sasa lilikuja mwaka 2022 baada ya Benki ya Kigali kununua haki ya kuuita kwa jina lake.

Msimu wa kwanza wa BAL ulichezwa wote hapo, Mei 16 hadi 30, 2021, kwa timu 12. Zamalek ya Misri ilichukua kombe, na Patriots ya Kigali ikamaliza ya nne. Fainali za 2022, 2023 na 2024 nazo zikafanyika Kigali. Mwaka 2025 fainali zilihamia Pretoria, lakini Kigali ilipata kundi la Nile, lililokuwa na APR, Al Ahli Tripoli ya Libya, MBB ya Afrika Kusini na Nairobi City Thunder ya Kenya. APR ilimaliza ya tatu mwaka huo, nafasi ya juu kuliko zote zilizowahi kufikiwa na klabu ya Rwanda.

Kila mashindano hayo yanapokaribia, klabu huingia sokoni. Hapa kanuni ya idadi ndiyo inayopanga bei. Katika msimu wa kwanza kila timu ilitakiwa kuwa na wachezaji 13: angalau tisa raia wa nchi ya klabu, na wageni wasiozidi wanne. Kati ya hao wanne, wasiozidi wawili ndio walioruhusiwa kutoka nje ya Afrika. Nafasi zikiwa chache hivyo, klabu haitafuti mgeni wa kujifunza kazi. Inatafuta wa kufunga pointi kesho yake.

Jambo moja linafaa kuangaliwa na msomaji wa Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi haki ya kuvuka mpaka kutafuta ajira. Lakini kanuni ya namna hiyo ya ligi haiijui Jumuiya. Mkenya au Mtanzania akisajiliwa klabu ya Kigali anahesabiwa mgeni na anakalia nafasi ya mgeni, ingawa mpakani alipita kama ndugu.

Kuna pia bei ya jina. Mwaka 2021 Patriots ilimsajili J. Cole, mwanamuziki wa Marekani. Alicheza mechi tatu, pointi zake zilikuwa chache, akaondoka. Lakini dunia nzima iliandika habari za Kigali kwa wiki mbili. Wauza matangazo waliona faida. Mchezaji fundi aliyekosa nafasi hiyo aliona nafasi imekwenda.

Hati za kuvukia

Dereva anajua kwamba lori zuri bila hati litalala Rusumo. Mchezaji naye ni vivyo hivyo.

Ya kwanza ni pasipoti, pamoja na viza au kibali cha kazi kwa anayehitaji. Ya pili ni barua ya ruhusa kutoka shirikisho la nchi alikocheza mara ya mwisho. Shirikisho la dunia, FIBA, halimruhusu mchezaji kusajiliwa nchi mpya bila barua hiyo. Shirikisho la zamani halina haki ya kuizuia kwa sababu ya chuki au deni dogo dogo. Sababu inayokubalika ni kwamba mchezaji bado amefungwa na mkataba. Kwa hiyo anayeondoka klabu kabla ya muda bila maandishi ya kuvunja mkataba anajifungia njia mwenyewe.

Ya tatu ni vipimo vya daktari. Mikataba mingi husema kwamba haianzi kuwa na nguvu mpaka mchezaji apite vipimo vya klabu. Mtu anaweza kusafiri saa 20 akarudishwa kwa sababu ya goti.

Dalali, bei na kodi

Mchezaji hupatikana kupitia wakala mwenye leseni ya FIBA. Ada ya wakala kwa kawaida ni hadi asilimia 10 ya mshahara, na mara nyingi hulipwa na klabu juu ya mshahara wenyewe. Hilo liandikwe wazi, kwa sababu likiachwa hewani kila upande utamwelekezea mwenzake kidole.

Mshahara wa mgeni mara nyingi huandikwa kwa dola za Marekani na huwa ni fedha ya mkononi, yaani baada ya kodi. Nyumba, chakula, usafiri na tiketi ya ndege ya kuja na kurudi huwekwa pembeni. Kwa lugha ya mfanyabiashara, hiyo ni bei ya mzigo hadi mlangoni: gharama za njiani ni za mnunuzi.

Hapo ndipo klabu nyingi changa hukosea hesabu. Sheria ya kodi ya mapato ya Rwanda huyaweka malipo ya wanamichezo miongoni mwa malipo yanayokatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 15. Kwa mfano wa hesabu tu, mchezaji akiahidiwa dola 3,000 kabla ya kodi, mkononi atapata 2,550. Akiahidiwa dola 3,000 baada ya kodi, klabu itatoa karibu 3,530. Tofauti hiyo ni kubwa, na inatokana na neno moja katika mkataba.

Asipolipwa

Ugonjwa mkubwa wa kazi hii ni mshahara kuchelewa. Timu ikishindwa mapema, mgeni ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri. Mkataba wake ukibaki na wiki mbili, ana mambo mawili ya kuchagua: abaki nchi ya watu akila akiba, au aondoke akidai kwa simu.

Ndiyo maana mikataba iliyoandikwa vizuri ina kifungu kinachopeleka mgogoro mbele ya Mahakama ya Usuluhishi ya Kikapu, iliyoanza kazi mwaka 2007 ikiwa na makao yake Geneva, Uswisi. Mara nyingi mwamuzi ni mmoja, kazi hufanyika kwa maandishi, na uamuzi hutolewa kwa kuangalia haki na uadilifu bila kufuata sheria ya nchi fulani. Klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya kutoka nje. Adhabu hiyo inauma, kwa kuwa klabu isiyoweza kuleta wageni inaingia msimu mpya ikiwa nyuma ya wenzake.

Kifungu hicho kisipokuwamo, mdai anabaki na mahakama za kawaida za nchi ya klabu, pamoja na wakili, tafsiri na tarehe za kesi. Kwa deni la miezi miwili, wengi husamehe tu.

Mgogoro wa mpaka unapoingia uwanjani

Hatari nyingine mchezaji haiwezi kuiandikia kifungu. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Malori na abiria waliathirika, na hilo wasafirishaji wanalijua. Machi mwaka huo huo, Dynamo ya Bujumbura ilikuwa Pretoria kwa mashindano ya BAL, ambako jezi zote zilikuwa na maneno ya mdhamini, Visit Rwanda. Wachezaji walicheza mechi ya kwanza wakiwa wamefunika maneno hayo, wakashinda. Mechi zilizofuata timu haikukubali kuvaa jezi ilivyotakiwa, ikapoteza kwa kutocheza, ikaondolewa.

Wachezaji wa Dynamo, raia na wageni, walikuwa wamefanya kazi msimu mzima ili kufika jukwaa hilo. Sababu ya kurudi nyumbani haikuwa kiwango chao, bali mstari wa mpaka ulio maelfu ya kilomita kutoka uwanjani.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kijana wa Kigali, Mwanza au Goma anayetaka njia hiyo, na kwa mzazi au mfadhili anayemtuma, yapo manne ya kushika.

Kwanza, asisafiri bila mkataba uliosainiwa na pande zote, tiketi ya kurudi ikiwa imetajwa. Pili, ahakikishe imeandikwa kama mshahara ni kabla au baada ya kodi, na tarehe ya kulipwa. Tatu, kifungu cha usuluhishi kiwemo. Nne, anapoondoka klabu yoyote, atoke na karatasi inayosema kwamba hadaiwi na mkataba umekwisha.

Omot alikaa miaka mitano kati ya kumaliza chuo na usiku ule wa Mei pale BK Arena. Katika muda huo nchi zilibadilika, klabu zikabadilika. Wasafirishaji wanaijua kanuni hiyo: mali ikiwa safi na karatasi zikiwa sawa, mpaka ni kituo cha kupita tu.