Tope la Bandari na Vilima vya Kigoma

Mashapo, yaani mchanga, udongo na chembe laini ambazo maji huzibeba na kuziacha pale mwendo wake unapopungua, yamewahi kuamua hata kimo cha Ziwa Tanganyika, kwa kuwa katika karne ya 19 yalijazana pamoja na mimea kwenye Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, na ziwa likapanda hadi kizuizi kilipovunjika mwaka 1878 hivi, ndipo likashuka takriban mita 10. Ndiyo sababu mahali pa Ujiji, jirani na Kigoma, walipokutana wasafiri Livingstone na Stanley mwaka 1871, palipokuwa karibu na maji, leo pako mbali nayo.

Kwa bandari za ziwa hili, ziwa likishuka meli hukosa kina, na masika yakiporomosha udongo wa vilima vilivyokatwa miti ghuba hupokea tope jipya, hivyo uchimbaji wa kuongeza kina hauepukiki. Kulimwaga tope hilo kilindini, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 hivi, huonekana rahisi. Lakini maji ya hapa huchukua karne nyingi kubadilika, na chembe za tope hutua kwenye miamba ya kando, makazi ya samaki wengi wa jamii ya sikilidi, ndugu wa sato na perege, wasiopatikana kwingine duniani. Utafiti wa Andrew Cohen na wenzake, uliochapishwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba penye mmomonyoko mkubwa aina za viumbe hupungua.

Njia nyingine ni kulichambua na kulitumia: huko Hamburg, Ujerumani, tangu mwaka 1993, mtambo uitwao METHA hutenganisha mchanga na tope la bandari. Bandari ya Kigoma haihitaji mtambo mkubwa hivyo: mabwawa ya kutuliza tope ufukweni yanatosha kuanzia, na mchanga wa ziwani, usio na chumvi ya bahari inayokula nondo, waweza kuinua viwanja vya bandari ambavyo maji yaliyopanda miaka ya karibuni yalivitishia. Tope laini ndilo gumu zaidi. Kulichoma liwe matofali kwa kuni ni kukata miti ya vilima vilevile lilikotoka. Afadhali lichanganywe na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine liwe matofali yasiyochomwa, baada ya kupimwa mafuta na metali zinazovuja kutoka kwenye injini za meli na karakana, maana tope lililochafuka halifai kuwa ukuta wa nyumba wala udongo wa bustani.