Uvira: Neno la Mungu linaposomwa nyumba kwa nyumba

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji ya ziwa Tanganyika. Mvua ikinyesha kule juu, mito inashuka kwa nguvu. Upepo ukivuma, mawimbi yanapanda mpaka karibu na nyumba za pembeni ya ziwa. Wakaaji wa Rugenge na wa kartie zingine za mji huu wanajua mambo hayo bila kufundishwa na mtu. Ndiyo maana wanapofungua Biblia na kusoma habari za gharika, za dhoruba ziwani au za nyumba iliyobomolewa na maji, hawasomi hadithi ya nchi ya mbali. Wanasoma habari za kwao.

Lakini maneno hayo wanagawana namna gani? Siku hizi asubuhi mapema simu inalia: mstari wa Zaburi umefika kwa WhatsApp. Mtu anautuma kwa wengine kumi hata kabla ya kunywa chai. Hakuna ubaya katika hilo. Mgonjwa aliye hospitalini, au mtu aliyekimbia vita na kukaa peke yake ugenini, anaweza kupata nguvu ya siku nzima katika mstari mmoja. Hata hivyo, kutuma mstari ni jambo moja, na kugawana Neno ni jambo lingine. Kwa watu waliopoteza nyumba au ndugu, tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu Neno lile lile linaloponya linaweza pia kuumiza likisemwa vibaya.

Usiku wa Mulongwe

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mitambo ya maji safi nayo iliguswa, katika mji ambao kipindupindu kinajulikana tangu miaka mingi. Ilikuwa juma la Pasaka: sikukuu yenyewe ilikuwa imepita tarehe 12. Tena makanisa yalikuwa yamefungwa, kwa maana serikali ilikuwa imekataza mikutano ya ibada tangu Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Familia ilipotafuta neno la faraja, haikuweza kwenda kulisikia kanisani. Ililitafuta nyumbani, au kwa jirani aliyeipokea.

Sasa mtu achukue Injili ya Mathayo, sura ya 7, mahali Yesu anaposema juu ya wajenzi wawili: mmoja alijenga juu ya mwamba, mwingine juu ya mchanga, na mafuriko yakaja. Somo hilo ni zuri sana siku ya ubatizo au ya ndoa. Lakini likisomwa haraka mbele ya mama ambaye kiwanja chake kilichukuliwa na mto, anaweza kusikia tu kwamba yeye ndiye mjinga aliyejenga juu ya mchanga. Na wengi waliojenga karibu na maji hawakufanya hivyo kwa ujinga. Walijenga pale pesa yao ilipoishia.

Anayesoma bila haraka ataona kwamba Yesu mwenyewe anaeleza mwamba ni nini: ni kusikia maneno yake na kuyatenda. Hahukumu maskini juu ya kiwanja chake. Kumbe jirani aliyefungua mlango usiku ule, akapokea watoto wa wengine na kuwagawia bugali iliyokuwa ya watoto wake, ndiye aliyejenga juu ya mwamba, hata kama nyumba yake ni ya matope.

Kuna somo lingine ambalo halisomwi sana, nalo lingefaa kujulikana katika kila mji uliopatwa na msiba. Ni Luka sura ya 13. Watu walikuwa wamekufa kwa kuangukiwa na mnara wa Siloamu, jumla yao 18. Kama kawaida, waliobaki walitaka kujua wafu hao walikuwa na kosa gani. Yesu alikataa hesabu hiyo. Alisema hawakuwa wakosefu kupita wakaaji wengine wa Yerusalemu, kisha akawageuzia waulizaji swali: wao wenyewe wataishi namna gani? Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya wafiwa na kusema mafuriko ni malipo ya dhambi zao, anasema jambo ambalo Injili imekwisha kulikataa.

Kitabu cha Ayubu kinafundisha vilevile. Rafiki zake watatu walipofika na kuona mateso yake, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa rafiki wa kweli. Taabu ilianza walipofungua kinywa ili kueleza sababu.

Hatua saba, na kila mtu anasema

Wazee walisema: penye wengi hapaharibiki neno. Kanisa Katoliki la Kongo lilichukua njia hiyo zamani. Mwaka wa 1961 maaskofu wa nchi, katika mkutano wao mkuu, waliamua kutia nguvu jumuiya ndogo za waamini, zinazokaa karibu na nyumba za watu. Huku mashariki wengi wanaziita shirika. Familia za jirani zinakutana, mara nyingi mara moja kwa juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Viti vinaazimwa, watoto wanakaa kwenye mkeka. Upande wa Waprotestanti, vikundi vya sala na mikutano ya nyumbani vinafanya kazi inayofanana na hiyo.

Njia moja ya kusoma katika vikundi hivyo inaitwa hatua saba. Ilitengenezwa katika taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na ikaenea katika nchi nyingi za Afrika. Haihitaji padri wala mtu aliyesoma sana. Kwanza, mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Pili, somo linasomwa. Tatu, kila anayetaka anarudia kwa sauti neno lililomgusa, neno moja au maneno machache, bila kueleza. Nne, wote wanakaa kimya. Tano, kila mtu anasema alichosikia moyoni mwake. Sita, wanaangalia kazi: kuna nini hapa kwetu tunachopaswa kufanya? Saba, wanasali, kila mtu kwa maneno yake.

Ugumu uko kwenye hatua ya tano na ya sita. Katika ya tano hakuna kuhubiri. Mtu hasemi kwamba Neno linataka ninyi mtubu. Anasema Neno limenigusa mimi hivi. Hakuna kubishana na ushuhuda wa mwenzake wala kumsahihisha mjane mbele ya watu. Mzee aliyezoea kuamua mambo anasikiliza kijana, na mama ambaye hasemi kanisani anapata nafasi ya kusema. Katika hatua ya sita, sala inageuka kuwa kazi yenye jina na siku: nani ataenda kwa mgonjwa Jumamosi, nani atatoa unga, nani ataita vijana wasafishe mfereji kabla ya mvua. Juma linalofuata wanaulizana kama imefanyika.

Lugha ya moyo

Jambo lingine linalosaidia ni lugha. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1891, kwa Kiswahili cha Unguja. Ile ya Union Version, ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wameizoea, ilikamilika mwaka wa 1952. Na mwaka wa 1960 ilitoka Biblia kwa Kiswahili cha Kongo, kwa maana wasomaji wa huku walihitaji maneno wanayoyatumia nyumbani na sokoni.

Lakini Uvira ni mji wa lugha nyingi. Mtu anasoma kwa Kiswahili, kisha anageuka na kumweleza nyanya yake kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kirundi. Kazi hiyo ndogo ya kugeuza maneno ni kugawana Neno pia. Anayetafsiri analazimika kuelewa kwanza, na nyanya akiuliza swali, mjukuu anagundua kwamba mstari alioukariri tangu shule ya Jumapili hakuwa ameuelewa.

Mvuvi naye ni mwalimu

Mfano mzuri ni Marko sura ya 4, dhoruba ziwani. Ziwa la Galilaya, ambako jambo hilo lilitokea, lina urefu wa kilometa 21 hivi. Tanganyika ina zaidi ya kilometa 670, na kina chake kinapita meta 1,400. Mhubiri akisoma habari hiyo, mara nyingi anakwenda moja kwa moja kwenye muujiza: Yesu anakemea upepo, maji yanatulia. Mvuvi wa ndagala anaweza kuona mambo ambayo mhubiri ameyapita. Anajua ni hofu gani inamshika mtu maji yanapoanza kujaa ndani ya mtumbwi usiku. Anajua pia kwamba mtu hawezi kulala nyuma ya chombo, katika mawimbi ya namna ile, kama hajachoka kabisa. Huyo Yesu aliyelala alikuwa mtu aliyechoshwa na kazi ya siku nzima, kama wengine.

Tena Marko anaandika jambo dogo ambalo wengi hawalikumbuki: kulikuwa na mitumbwi mingine pamoja na ule wa Yesu. Wavuvi wa Tanganyika wanatoka usiku wengi pamoja, taa zao zikionekana kutoka ufukoni, kwa hiyo wao hawashangai. Maana yake ni nzito. Ziwa lilipotulia, lilitulia kwa mitumbwi yote, hata kwa wale ambao hawakumwona Yesu akiamka. Baraka ya mmoja iligusa majirani. Somo kama hilo halihitaji chuo cha teolojia. Linahitaji kikundi ambacho mvuvi anaruhusiwa kusema.

Neno likitoka nje ya nyumba

Historia ya Kivu ya Kusini ina watu walioonyesha kwamba Neno lililosomwa linataka mikono. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1955, ni mtoto wa mchungaji wa kipentekoste. Ameeleza mara nyingi kwamba alipokuwa mdogo alimsindikiza baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kwa nini baba hakutoa dawa. Baba alimweleza kwamba yeye si daktari, anafanya kile anachoweza. Mtoto akaamua kuwa daktari, ili sala na dawa viende pamoja. Alifanya kazi katika hospitali ya Lemera, katika teritware ya Uvira, ambayo ilishambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa. Baadaye alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu, na mwaka wa 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani.

Mfano mwingine ulikumbukwa Uvira kwenyewe, tarehe 18 Agosti 2024. Siku hiyo Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza misa ambamo watu wanne walitangazwa wenye heri: mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, mtawa Vittorio Faccin, na abé Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Waitaliani wa shirika la Waksaveri. Wa nne alikuwa mtoto wa ziwa hili: baba Mfaransa, mama Mkongomani, alizaliwa mwaka wa 1908 upande wa Moba. Waliuawa tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi, wawili Baraka na wawili Fizi. Padri Carrara alikuwa akiungamisha waamini. Alipotoka na kukuta mwenzake amekwisha kuuawa, alipiga magoti karibu naye, naye akauawa. Waliosoma Injili pamoja na watu wa Fizi hawakuwaacha siku ya hatari.

Vikundi vilivyotawanyika

Leo jaribu hilo limerudi kwa sura nyingine. Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025, watu wengi walikimbilia upande wa Uvira. Desemba 2025 vita vilifika Uvira yenyewe, na maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Burundi. Shirika zilitawanyika. Mtu aliyekuwa akisoma na jirani wa ukuta kwa ukuta sasa anasoma mbali naye.

Hapo ndipo simu inapopata kazi yake ya kweli. Badala ya kutuma mstari mtupu kwa watu kumi, mtu anaweza kusoma somo fupi kwa sauti yake, akalituma kwa mmoja aliye mbali, na kuongeza swali: wewe umesikia nini humu? Kisha angoje jibu, hata kama litakuja baada ya siku mbili. Jibu likija na machozi, asikimbilie kueleza sababu. Na jibu likisema kwamba chakula kimekwisha au mtoto ana homa, hatua ya sita imefika: aulize wenzake nani yuko karibu na mtu huyo, na nani anaweza kumfikia leo.